Uliza Fundi: Zile V8 za Wamarekani za kijana wa mshahara wa kawaida

Toleo lililopita niligusia kidogo tu V8 za zamani za Kimarekani, zile gari zenye injini ya silinda nane zilizopangwa kama herufi V, basi nimekoma. Meseji zimemiminika mpaka mhariri kasema safari hii nijibu hizo hizo tu, za IST na Probox zisubiri foleni. Nimechagua chache, zingine nimezifupisha maana kuna mtu kaandika kurasa nne halafu swali halimo.

Shikamoo Fundi. Kijiweni tumebishana mpaka chai imepoa. Mimi nasema Mustang ndio gari ya misuli ya kwanza, wenzangu wanasema ni GTO. Tumewekeana dau la supu. Nani kashinda?
*Mbishi wa Mwananyamala, Dar es Salaam*

Marahaba mdogo wangu. Andaa hela ya supu.

Kinachowachanganya watu ni kwamba zote mbili ni za 1964. Mustang ilizinduliwa tarehe 17 Aprili mwaka huo kwenye maonyesho ya dunia New York, bei ya kuanzia dola 2,368, na ile ya bei hiyo ukifungua boneti unakuta silinda 6 zimepangwa mstari, nguvu za farasi 101 basi, na chini yake ni Ford Falcon, gari ya kupeleka watoto shule. Sura ya kukimbia anayo, mbio zenyewe ulipie zaidi. Iliuzika kwa fujo, milioni moja ndani ya miaka miwili, na Lee Iacocca, meneja wa Ford aliyeisimamia, akawa nyota, lakini ilianza kama gari ya kupendezea.

GTO, ya Pontiac, ni habari nyingine kabisa. Pontiac walikuwa wamebanwa, Januari 1963 wakubwa wa General Motors walizitoa kampuni zao zote kwenye mashindano, na Pontiac jina lake lote lilikuwa limejengwa huko. Juu ya hapo kulikuwa na sheria ya ndani kwamba gari ya saizi ya kati isiwekewe injini inayozidi inchi za ujazo 330, yaani kama lita 5.4 hivi. Sasa John DeLorean, aliyekuwa injinia mkuu, na wenzake Bill Collins na Russ Gee, wakaona injini ya 389, lita 6.4, ile ya gari kubwa, inaingia kwenye Tempest, gari yao ya saizi ya kati, bila kukata chuma popote kwa sababu kwa nje iko sawa na ndogo yake. Na sheria waliipita kwa mlango wa pembeni: sheria ilibana modeli, haikubana vitu ambavyo mteja anaongeza mwenyewe anapoagiza gari. Basi GTO ikaingia sokoni kama nyongeza tu ya Tempest LeMans, kama dola 300 juu ya bei. Farasi 325, ukitaka kabureta tatu unapata 348. Walitegemea kuuza 5,000, zikauzwa 32,450. Baada ya hapo bosi gani atasimama aseme mmevunja sheria?

Kuna wazee watakuambia Oldsmobile Rocket 88 ya 1949 ndio ya kwanza, au Chrysler C-300 ya 1955 iliyokuwa na farasi 300. Hiyo Chrysler siikubali, ilikuwa gari ya tajiri. Kwangu mimi gari ya misuli ni injini ya gari kubwa, ndani ya bodi ya kawaida ya familia, kwa bei ambayo kijana wa kiwandani anakopa na analipa kidogo kidogo bila kuuza kiwanja cha baba yake. Ukiitoa hiyo bei, inayobaki ni gari ya spoti tu kama zingine, na hili nitalirudia leo mpaka mnichoke.

Salaam alaikum Fundi. Niko Muscat. Kuna mtu anauza Chevelle SS 454 ya 1970, nyekundu ina mistari myeusi, imeletwa kutoka Marekani, inang'aa mpaka unajiona. Karatasi za zamani anasema zilipotea. Bei yake ni ya kuuza shamba. Nitajuaje kama ni SS kweli?
*Mpenda Chevy*

Wa alaikum salaam ndugu yangu. Rangi inayong'aa inakuambia tu kwamba mtu alikuwa na hela ya rangi.

Shida ya Chevelle ya 1970 ni kwamba namba ya chesisi haitaji SS, yaani Super Sport, ile yenye nguvu. Inakuambia hii ni Malibu, yaani Chevelle ya kawaida, ya V8, milango miwili, imetoka kiwanda fulani, basi, kwa sababu mwaka ule SS ilikuwa nyongeza kama nilivyosema hapo juu kwa GTO. Kwa hiyo mtu anachukua Malibu ya kawaida, anaweka beji, anafunga boneti iliyotuna, anapiga mistari miwili, asubuhi kaamka na SS. Ziko nyingi mno, na huko Ghuba watu wanazipenda hizi gari na hela ipo, kwa hiyo mwenye nia mbaya anajua wapi pa kuleta.

Ingia chini, hesabu bolti za kifuniko cha difu. SS ilikuja na difu ya bolti 12, Malibu nyingi zilikuwa za bolti 10. Difu inabadilishwa kwa mchana mmoja, kwa hiyo 12 hazijathibitisha kitu, ila ukikuta 10 muulize vizuri huyo mtu. Halafu simama upande wa abiria, mbele ya bloku, pale inapokutana na silinda hedi. Kuna sehemu bapa imegongwa namba, mara nyingi imejaa grisi, chukua kitambaa na petroli kidogo ufute taratibu. Unatafuta vitu viwili: tarakimu za mwisho za chesisi zimerudiwa pale, na herufi za kutambulisha injini. Sasa ukifuta ukakuta pamesagwa, hakuna hata ile mikwaruzo midogo ya mashine ya kiwandani, au namba zimekaa mshazari kila moja na kimo chake, hapo mtu kapita na grainda, agana naye kwa heri.

Karatasi yenye nguvu kuliko zote ni ile orodha waliyokuwa wakiifuata kiwandani wakati wa kuunga gari. Ikishamaliza kazi ilikuwa inaachwa humo humo, juu ya tenki la mafuta au kwenye springi za chini ya siti, na mpaka leo watu wanashusha tenki wanaikuta imeliwa na panya nusu lakini inasomeka. Mwambie muuzaji utalipa wewe gharama za kushusha tenki. Akikataa na wewe kataa.

Na nenda na sumaku ndogo, ifunge kitambaa usimchubulie rangi. Pitisha nyuma ya tairi za nyuma na kwenye kona za kioo cha nyuma. Sumaku ikiacha kushika hapo ni pati, chini yake bati lilishaoza. Usiseme Oman hakuna theluji, gari imetoka wapi? Majimbo ya kaskazini ya Marekani wanamwaga chumvi barabarani kila msimu wa baridi.

Halafu injini za 454 mwaka ule zilikuwa mbili, LS5 ya farasi 360 na LS6 ya farasi 450. Muuzaji atakuambia ni LS6. Wote huwa wanasema LS6. Ikishindikana kuthibitisha, mpe bei ya Malibu iliyopambwa, na kusema kweli Malibu iliyopambwa ukiinunua kwa bei yake utaifurahia kuliko hiyo ya bei ya shamba maana utaiendesha, ile nyingine utaifunika turubai.

Sasa buda, hii story ya farasi 450 mbona hukuiangalia vizuri? Niko na Subaru STI lita 2.5, hizo gari zako za cowboy nitaziacha mpaka zisahau jina langu. Kubali tu.
*Kijana wa Thika Road*

Nakubali, nusu.

Hizo namba za zamani zilipimwa injini ikiwa peke yake kwenye stendi, haina kisafisha hewa, haina eksozi ya gari, altaneta haivuti kitu, yaani injini iko uchi. Kuanzia 1972 wakaanza kuandika nguvu za injini ikiwa imevaa kila kitu kama inavyokaa kwenye gari. Mfano wa wazi ni 454 ya Chevelle, kitabu cha 1971 kinasema farasi 365, cha 1972 kinasema 270, watu wakadhani injini imekufa ghafla wakati sehemu kubwa ya hiyo tofauti ni namna ya kupima tu. Upande wa pili kuna walioficha. Boss 429 ya Ford iliandikwa 375 na kila aliyeikanyaga alijua karatasi inadanganya, maana kampuni za bima zilikuwa zinasoma karatasi hizo hizo.

Kwenye kona utaniacha, hilo halina ubishi. Nyingi zilikuwa na breki za dramu mbele na nyuma, tairi nyembamba, na springi za nyuma za mabapa kama za pikapu. Ukishafunga breki mara mbili za nguvu kutoka spidi kubwa, ya tatu unaomba Mungu. Lakini gari ile haikutengenezewa kona kijana wangu. Ilitengenezewa barabara iliyonyooka na taa nyekundu inayotaka kugeuka kijani, mita 402 basi, mshindi kajulikana, mnarudi mnanunua soda. Woodward Avenue pale Detroit ilikuwa hivyo usiku kucha, na mainjinia wa kampuni zenyewe walikuwa wanakuja kujaribu vitu vyao kimya kimya.

Na kuna kitu STI yako haina japo nayo ina mngurumo wake. V8 ya Kimarekani krenki yake imekatwa kwa nyuzi 90, kwa hiyo kila upande wa injini mapigo hayatoki kwa nafasi sawa, ndio ule mdundo wa kuchechemea unaousikia kwenye eksozi. Weka kemshafti kali juu yake, basi ikiwa imesimama tu gari zima linacheza, kioo cha pembeni huoni kitu. Asubuhi ya baridi unakanyaga mafuta mara mbili ili choki ishike, unazungusha ufunguo, inakohoa, inazima, unarudia, inashika, na harufu ya petroli mbichi imejaa gereji nzima na wewe macho yanakutoka machozi unacheka peke yako. Hiyo hakuna turbo itakupa.

Habari za kazi kaka Fundi. Mimi niko Columbus, Ohio, nalea wazee majumbani. Nina babu mmoja Mmarekani, kumbukumbu zimeanza kumpotea, wajukuu anawachanganya majina, lakini ukimgusia gari anaamka. Alifanya kazi kiwanda cha Norwood na anasema alikuwa na "Road Runner" ya 1968. Mimi gari naijua ya kupanda tu. Nimuulize nini ili aongee?
*Dada wa Tanga*

Nzuri dada yangu, na hongera kwa kazi, hiyo kazi si ya mchezo.

Kwanza babu yako ni mtundu. Kiwanda cha Norwood, kule karibu na Cincinnati, kilikuwa cha General Motors, ndio walikuwa wakiunga Camaro na Firebird. Road Runner ni Plymouth, ya Chrysler, mpinzani kabisa. Yaani mchana anaunga gari za tajiri yake, jioni anaondoka na ya jirani. Muanzie hapo hapo, muulize alikuwa anaipaki wapi na wenzake walikuwa wanamwambiaje. Nina hakika utapata stori ya wiki nzima.

Ikusaidie kumuelewa: kufika 1968 gari za misuli zilikuwa zimeshaanza kupanda bei, kila mwaka wanaongeza kapeti, saa, mbao za bandia, na vijana zinawatoka mkononi. Plymouth wakarudi nyuma. Wakachukua bodi ya bei ya chini, ile iliyokuwa inanunuliwa na polisi na kampuni za teksi, siti ya mbele moja ndefu, sakafuni mpira badala ya kapeti, pambo karibu hakuna. Hela yote wakaipeleka kwenye injini, springi na giaboksi. Injini ya kawaida ilikuwa 383, lita 6.3, farasi 335. Bei ya kuanzia dola 2,896. Halafu wakawalipa Warner Bros. dola 50,000 wapate kutumia jina na picha ya yule ndege wa katuni anayekimbizwa na mbweha mwitu kila siku hashikwi, na honi wakaitengeneza ilie kama yeye, *bip bip*. Walidhani watauza kama 20,000, mwaka ule wa kwanza zikatoka karibu 45,000. Watu walicheka gari yenye katuni mlangoni, mpaka taa ilipogeuka kijani.

Sasa maswali. Muulize honi yake ilikuwa inaliaje, usimwambie wewe, mwache ailie mwenyewe. Muulize kama ilikuwa 383 au Hemi. Hemi ni ile 426, lita 7, waliyoiita tembo, ilianzia kwenye mashindano 1964 na Daytona 500 ya mwaka ule Plymouth zikashika nafasi ya kwanza, ya pili na ya tatu, Richard Petty mbele. Kwenye Road Runner iliongeza zaidi ya dola 700 kwenye bei, kwa hiyo wachache waliichukua, na ukimwona anatabasamu kidogo kabla ya kujibu ujue ilikuwa 383 anatamani kudanganya. Muulize gia zilikuwa za mkono au otomatiki. Muulize rangi, aliinunua wapi, mshahara wa mwezi ulikuwa unaingia ngapi kwenye mkopo, na nani alikaa naye siti ya mbele, hiyo siti ndefu ilikuwa na faida zake.

Swali la aliiuza lini liache mpaka umzoee. Wengi waliziuza mtoto alipozaliwa, wengine waliitwa jeshini kwenda Vietnam wakaacha gari kwa wadogo zao, na unajua mdogo mtu akiachiwa gari.

Na kama afya inamruhusu na familia imekubali, Jumamosi ya tatu ya Agosti kila mwaka kuna Woodward Dream Cruise, ilianza 1995, gari za zamani zinapita barabara ile ile kutoka Ferndale mpaka mji wa Pontiac kutwa nzima, hakuna kiingilio, unabeba kiti chako unakaa pembeni. Kutoka Columbus ni masaa matatu na ushee. Beba kofia, maji, na vya kuziba masikio vyako wewe, yeye hatavitaka.

Fundi, kama zilikuwa nzuri hivyo kwa nini waliacha kuzitengeneza? Ni mafuta tu?
*Mwanafunzi wa ufundi, Mwanza*

Mafuta yalikuja kuzika tu mdogo wangu, marehemu alikuwa ameshakata roho.

Wa kwanza kuua ni bima. Kufika 1969, 1970, kijana wa miaka 21 mwenye GTO anaambiwa bima ya mwaka inakaribia malipo ya gari yenyewe, wengine walikuwa wanakataliwa kabisa. Na ukikumbuka gari ilikuwa ya nani, kumpandishia huyo bima ni kuifunga gari. Halafu ikaja sheria ya hewa safi ya 1970, kampuni zikaanza kujiandaa kwa petroli isiyo na madini ya risasi, na petroli ile ya wakati huo haikuhimili mgandamizo mkubwa wa silinda, inagonga. LS6 ya 1970 ilikuwa inagandamiza 11.25 kwa 1, mwaka uliofuata 454 ya kawaida ikashushwa mpaka 8.5. Hapo nguvu zilipungua kweli, siyo za kwenye karatasi.

Oktoba 1973 Waarabu wakafunga mafuta, foleni za vituo zikawa za mtaa mzima, na Januari 1974 spidi ya mwisho nchi nzima ikawekwa maili 55, yaani kilomita 88. Mwaka huo Mustang mpya ikatoka kwenye msingi wa Pinto, gari ndogo ya Ford, na hakuna V8 hata ukilia. GTO ya 1974 ndio ikawa ya mwisho ya enzi hizo, Pontiac Ventura yenye beji, zilitoka 7,058. Sizipendi, lakini nazihurumia.

Shikamoo Mzee. Hizi gari ziliwahi kufika kwetu enzi hizo, ama tunazionea picha tu?
*Wa Nakuru*

Marahaba. Ziliwahi, na tuliziadhibu. Safari Rally ya 1964, ile ya Afrika Mashariki, Mercury walileta timu ya Comet za V8 kutoka Marekani, maandalizi makubwa, mafundi wao, spea zao. Comet siyo gari ya misuli kamili lakini ni ukoo mmoja, V8 kwenye bodi ndogo. Matope na makorongo yetu hayakujua hilo. Zilizofika mwisho ni mbili tu, na zilikuwa nyuma sana. Aliyeshinda ni Peter Hughes na Ford Cortina GT, silinda 4, lita 1.5. Wa Thika Road asiisome hii.

Fundi ukipewa hela leo, moja tu, unachukua ipi? Usikwepe.
*Kaka wa Lubumbashi, sasa Dallas*

Kaka, najua unategemea niseme Plymouth Hemi 'Cuda ya 1971 ya kufunguka juu, zile zilizotengenezwa 11 tu na moja ikaja kuuzwa mnadani kwa zaidi ya dola milioni 3. Sitaki. Ningekuwa nalala nayo gereji na rungu.

Nachukua Plymouth Duster 340 ya 1970. Nyepesi, injini ndogo ya lita 5.6 yenye farasi 275 za kwenye karatasi, ilikuwa inauzwa chini ya dola 2,600 ikiwa mpya na ilikuwa inawanyanyasa waliolipa elfu moja zaidi. Breki za mbele ni za diski, kwa hiyo hata ile ya tatu inashika. Nyingi ziligongwa, zikaoza, zikakatwa spea na vijana wa miaka ya themanini, na zilizobaki bado mtu wa kazi anaweza kuiwazia bila kuota ndoto za ajabu. Rangi yoyote isipokuwa nyekundu, maana nyekundu kila mtu ananiuliza kama ni ya kiwandani. Gia nne za mkono. Redio sihitaji, sitaisikia.